Kigunduzi cha metali kwenye theluji: kutatua hitilafu kwa kufuata dalili zake

Makala haya yanawahusu wasomaji wanaotafuta pete, mikufu na sarafu kwa kigunduzi cha metali katika nchi za baridi kali, hasa jimbo la Minnesota nchini Marekani na jirani yake Ontario nchini Kanada, ambako wapo wasemaji wa Kiswahili na ambako ardhi huganda kwa miezi mingi. Malalamiko yanayosikika kuanzia Novemba ni yale yale kila mwaka: kifaa kinazima ghafla, kinalia bila sababu, kinapita juu ya pete bila kutoa sauti, au kinaonyesha sarafu ambayo mchimbaji hawezi kuifikia. Mara nyingi kifaa chenyewe ni kizima. Baridi imeidhoofisha betri, chumvi ya barabarani imeibadilisha ardhi, au mtafutaji amevaa chuma bila kufahamu. Kwa hiyo ukaguzi unaoelezwa hapa unaanza na mambo yasiyogharimu chochote, na fundi anakuja mwisho.

Ukaguzi wa kwanza, kwa dalili yoyote ile

Kigunduzi kilichotolewa kwenye gari lenye joto na kupelekwa moja kwa moja juu ya theluji hakitulii katika dakika za mwanzo, kwa kuwa koili (ile sahani ya mwisho wa fimbo inayopitishwa juu ya ardhi) na vipuri vya ndani vinaendelea kupoa na vipimo vyake vinahama taratibu. Kiwashe, kiache nje kwa dakika 10 hadi 15, ndipo ukisawazishe na ardhi, yaani ukizoeshe udongo wa mahali hapo ili usikilize, kwa utaratibu ulioelezwa katika kitabu chake. Anayesawazisha mara tu anaposhuka garini hulazimika kurudia kazi hiyo muda mfupi baadaye, na wengi hawarudii.

Kifaa kikishapoa, kijaribu katika hali tatu. Kwanza, inua koili hadi usawa wa kiuno, mbali na viatu na gari, uishike bila kuitikisa. Kikilia hapo, chanzo ni umeme wa jirani au hitilafu ya kifaa. Pili, ishushe taratibu hadi karibu na ardhi. Kikianza kulia kadiri inavyoshuka, chanzo ni ardhi, chumvi au usikivu uliowekwa juu mno. Tatu, ukiwa umeinua koili tena, igonge kwa kidole na uichezeshe kebo pale inapoingia. Sauti ikitokea wakati huo tu, tatizo liko kwenye kebo, kwenye plagi au kwenye kifuniko cha koili. Kipimo hiki huchukua dakika moja na hupunguza nusu ya maswali yanayofuata.

Dalili: kinalia ovyo, kila mahali au kila hatua

Sababu inayoongoza wakati wa baridi ni chuma kilichovaliwa na mtafutaji. Watu wengi hufunga chini ya viatu vyao meno ya chuma ya kuzuia kuteleza, na wengine huvaa viatu vya kazi vyenye kofia ya chuma mbele. Koili inapopita karibu na mguu uliotangulia, kifaa kinalia, na kwa kuwa miguu hupokezana, sauti hiyo hubadilisha upande kwa mpangilio unaoweza kutabirika. Ukiusikia mpangilio huo, simama, rudisha mguu nyuma, kisha upitishe koili tena mahali pale pale. Ukimya ukirudi, jibu limepatikana. Suluhisho ni kurefusha fimbo na kuiweka koili mbele zaidi. Meno hayo yasivuliwe ukiwa bado juu ya barafu kwa ajili ya kupata ukimya, kwa sababu mfupa wa nyonga ukivunjika ni hasara kubwa kuliko sarafu yoyote itakayopatikana siku hiyo.

Jamii moja na hiyo ni vile vipakiti vya kupasha joto vidole ambavyo huingizwa ndani ya glavu na viatu. Joto lake linatokana na unga wa chuma unaoshika kutu upesi unapopata hewa, kwa hiyo ni chuma halisi. Kilichomo kwenye kiatu huifikia koili, na kilichomo kwenye glavu hukivuruga kitambuzi kidogo cha mkononi, kile ambacho wengi hukiita pinipointa. Visogeze hadi mifuko ya juu ya koti.

Sababu ya pili ni theluji iliyoyeyuka na mchanga ulioingia kati ya koili na kifuniko chake cha plastiki. Maji hayo yakiwa na chumvi, au yakiwa na mchanga wenye chembe za chuma, koili hutoa ishara za uongo kila inapoguswa au kuinama. Vua kifuniko, kisuuze, kikaushe, ukirudishe. Jioni kiachwe wazi, kwa sababu maji yakiganda humo usiku hupanuka na yanaweza kukipasua.

Ya tatu ni chumvi. Barabara na njia za miguu za Minnesota hunyunyiziwa chumvi majira yote ya baridi, na theluji inayosukumwa pembeni huipeleka chumvi hiyo kwenye ukanda wa nyasi kando ya lami. Barafu safi hupitisha umeme kwa shida, lakini tope la theluji lenye chumvi hupitisha vizuri, na kigunduzi huliona kama kinavyouona mchanga wa pwani uliolowa maji ya bahari. Hakikisho ni jepesi: tembea mita kadhaa kuelekea ndani ya uwanja, mbali na lami. Kelele ikipungua, punguza usikivu ngazi mbili au tatu, sawazisha upya hapo hapo ulipo, na kama kifaa chako hutumia masafa mengi kwa wakati mmoja, chagua mpangilio wa ufukweni. Kifaa cha masafa mamoja hakitatulia vizuri kwenye ukanda huo, na ni busara kuuacha mpaka mvua za masika ziusafishe.

Umeme wa jirani unafuata. Licha ya nyaya za barabarani ambazo zipo mwaka mzima, majira haya huleta taa za Krismasi, nyaya za kuyeyusha barafu zinazolazwa kwenye kingo za mapaa na chini ya njia za magari, pamoja na uzio wa waya uliofukiwa kwa ajili ya kuwazuia mbwa. Tumia kitufe cha kuondoa kelele huku koili ikiwa imeinuliwa na kifaa hakitikisiki. Isipotosha, badilisha masafa, kisha punguza usikivu. Hatua iliyo bora kuliko zote, na ambayo wengi huona haya kuichukua, ni kumwomba mwenye nyumba azime nyaya hizo kwa nusu saa.

Kebo iliyokatika ndani huwa ya mwisho katika orodha, ingawa baridi huifanya ngozi yake iwe ngumu na rahisi kupasuka inapokunjwa. Kama kelele huja pale kebo inapoguswa karibu na koili hata ukiwa ndani ya nyumba yenye joto, jaribu koili nyingine ya aina ile ile ikiwa unaweza kuazima. Ukimya ukipatikana, koili ya kwanza ipelekwe kwa fundi anayetambuliwa na mtengenezaji. Koili nyingi zimejazwa gundi ngumu ndani, na kuifungua nyumbani ni kuiharibu moja kwa moja.

Dalili: kinazima, au betri inaisha mapema

Takriban kila mara hii ni baridi kwenye betri. Ndani ya betri umeme huzalishwa na kemikali, na kemikali hufanya kazi polepole zinapopoa. Betri za kawaida za alkalini zina kimiminika chenye maji, hivyo huathirika sana. Zile za kuchajiwa za nikeli huvumilia zaidi, na betri za lithiamu za saizi ya AA zisizochajiwa hutengenezwa ili zifanye kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri za Selsiasi. Kabla ya kuzitumia hizo za mwisho, soma kitabu cha kifaa, kwa kuwa volti zake zikiwa mpya ni za juu kidogo kuliko za alkalini.

Ukaguzi wa kwanza ni kuiingiza betri kwenye mfuko wa ndani ya koti, karibu na mwili, kwa dakika 15, kisha kuirudisha. Ikifufuka, haikuwa imekwisha bali ilikuwa imepoa. Beba seti mbili na uzipokezane, moja kazini na nyingine kwapani. Kama betri imefungwa ndani ya kifaa na haitoki, fungia sehemu ya vidhibiti kwenye kitambaa cha sufi au kifuniko cha plastiki nyembamba, na uipange kazi yako kwa vipindi vifupi.

Betri isipofufuka, angalia viunganishi vyake: kutu ya kijani au unga mweupe hufutwa kwa kitambaa kikavu au kifutio cha penseli. Ikiwa betri inaisha upesi hata ndani ya nyumba yenye joto, imezeeka na inahitaji kubadilishwa.

Hapa pana onyo ambalo halina nafasi ya mjadala. Betri ya lithiamu ya kuchajiwa haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0. Lithiamu hujitandaza kama ganda la metali ndani yake, uwezo wake hupotea bila kurudi, na hatari ya betri kushika moto baadaye huongezeka. Kwa hiyo usikichomeke kifaa kwenye chaja ya gari mara tu unapokiweka kitini. Subiri hadi kipate joto la chumba. Betri iliyovimba haitobolewi, haikandamizwi na haichajiwi tena. Iweke nje mbali na vitu vinavyoungua, kisha uipeleke kwenye kituo cha taka hatari cha eneo lako.

Dalili: pete imepotea kwenye theluji na kifaa hakiioni

Ombi hili ndilo linalowafikia watafutaji wengi zaidi kati ya Desemba na Machi, na sababu yake inaeleweka: mishipa ya vidole hubana kwenye baridi, kidole hupungua unene, na pete iliyokuwa inabana mwezi Julai huteleza pamoja na glavu. Kwa hiyo hatua ya kwanza haihusu kigunduzi kabisa. Geuza glavu ndani nje, kidole kwa kidole. Kagua mkono wa koti, mifuko, mifuko ya plastiki ya dukani, chini ya viti vya gari na ndani ya ndoo ya chumvi. Pete nyingi zinazosemekana kuwa theluji imezimeza zimo ndani ya kidole cha glavu.

Zisipopatikana humo, zuia watu wasikanyage na wasipige koleo. Hapa ndipo familia zinapokosea kwa nia njema: kila mmoja anachota, anamwaga kando, na pete iliyokuwa imelala mahali pamoja panapojulikana inahamia kwenye mojawapo ya marundo manane. Mwombe aliyeipoteza asimame alipokuwa na aigize tena jinsi alivyoivua glavu. Kama aliikung'uta, pete imeruka mita kadhaa kuelekea upande wa mkono, si chini ya miguu yake. Weka alama za vijiti kuzunguka eneo hilo kabla theluji nyingine haijaanguka.

Sasa kuhusu ukimya wa kifaa. Sababu ya kwanza ni kichujio cha taka, yaani mpangilio unaokinyamazisha kifaa kwa metali usizozitaka. Pete ya dhahabu, hasa nyembamba au ya karati 10 na 14, husomeka katika eneo lile lile la namba za utambuzi za skrini ambalo huonyesha karatasi ya alumini, vishikio vya makopo ya soda na sarafu ya Marekani ya senti 5. Aliyezoea kutafuta sarafu za fedha huwa amelifunga eneo hilo ili asisumbuliwe, na kifaa kinatii amri: kinapita juu ya pete na kunyamaza. Fungua vichujio vyote. Juu ya theluji safi ya uwanja wa nyumba taka si nyingi, na kuchunguza kila mlio ni kazi nyepesi.

Sababu ya pili ni umbali. Theluji yenyewe haiuzuii uga wa sumaku wa koili kwa kiasi cha kuhesabika, ila inaiinua koili. Theluji ya sentimita 20 juu ya nyasi ni sentimita 20 zilizotolewa kwenye kina cha kifaa, na ishara ya kitu kidogo haipungui kwa mstari ulionyooka: ukizidisha umbali mara mbili, hubaki sehemu ndogo sana ya ishara ya kwanza. Dhahabu ni nzito, kwa hiyo katika theluji laini pete hushuka hadi kwenye nyasi au hadi kwenye tabaka gumu la zamani. Badala ya kuongeza usikivu hadi kifaa kianze kulia ovyo, iondoe theluji ya juu kidogo kidogo baada ya kuipima, kwa tabaka la sentimita 10, ukiitandaza kwenye turubai na kuipitishia koili tena kabla ya kuitupa.

Sababu ya tatu ni kutojua sauti unayoitafuta. Azima pete inayofanana, ifunge kwenye uzi mrefu wenye rangi kali, izike kwenye theluji ya kina kile kile kando ya eneo la utafutaji, na usikilize. Usiizike bila uzi. Ukishaijua namba na sauti yake, funga kamba mbili sambamba zilizoachana mita moja, na upite kati yake taratibu, kila mpito wa koili ukifunika nusu ya mpito uliotangulia. Mkufu mwembamba ni suala gumu zaidi, kwa maana kifaa husoma kila pingili yake peke yake na si uzito wote. Mara nyingi husikika kibanio chake tu, na kifaa chenye masafa ya juu, kuanzia kHz 20 kwenda mbele, ndicho chenye nafasi nzuri zaidi.

Kama mashine ya kurusha theluji imekwisha kupita, utafutaji uhamie upande ilikorushia, tena kwa kuvunja rundo tabaka kwa tabaka. Kama gari la manispaa limeizoa theluji na kuipeleka kwenye uwanja wa kutupia, ulizia uwanja huo uko wapi na kama umma unaruhusiwa kuingia, huku ukimweleza mwenye pete kwa uwazi kwamba uwezekano ni mdogo. Ikiwa theluji bado ipo mahali pake na umeshindwa, lipo jibu la subira: theluji ikiyeyuka, pete italala juu ya nyasi au sentimita chache ndani yake, na hapo kigunduzi chochote cha wastani kitaisikia. Kazi hiyo ifanyike kabla mashine ya kukatia nyasi haijatoka bandani.

Dalili: ishara ni nzuri lakini ardhi haichimbiki

Baridi ya Minnesota hushuka mbali: kanuni za ujenzi za jimbo hilo hutaka misingi ya nyumba ifike inchi 42, yaani sentimita 107, katika kaunti za kusini, na inchi 60, yaani sentimita 152, kaskazini. Hata hivyo ugumu haulingani kila mahali. Theluji nene ni blanketi, na chini yake udongo unaweza kuwa laini mwezi Januari, ilhali uwanja uliofagiliwa na upepo hatua chache kutoka hapo umekuwa kama saruji. Jaribu kwanza msituni chini ya majani yaliyooza, kando ya kuta zinazotazama kusini na kwenye mchanga mkavu wa ufukwe wa ziwa.

Ganda likiwa la sentimita 2 au 3, kisu cha kuchimbia chenye meno upande mmoja hulikata. Kata duara pana kuliko ulivyozoea, kwa sababu bonge lililoganda halipindiki bali huvunjika, na sarafu inaweza kuwa imekwama ukingoni mwake. Bonge hilo lisipigwe kwa nyundo. Lichukue zima, lirudishe nyumbani na uliyeyushe kwenye maji ya uvuguvugu. Sarafu ya fedha iliyosuguliwa kwa udongo ulioganda hupata mikwaruzo isiyofutika.

Ganda likizidi hapo, acha. Kushindana nalo kwa sururu huharibu nyasi za mwenyewe aliyekupa ruhusa, huvunja kisu, na mara nyingi huishia kwa kuikata sarafu yenyewe. Maji ya moto, ambayo watu hushauriana kuyamwaga, huyeyusha sentimita chache na kuacha uwanja wa barafu ya kuteleza mlangoni pa mtu. Hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu, andika namba na kina kilichoonyeshwa, na urudi Aprili.

Onyo: bomba za gesi na nyaya za umeme hazigandi kwa baridi, na pigo kali kwenye ardhi ngumu ni la hatari zaidi kuliko kuchimba kwa upole kiangazi. Nchini Marekani piga simu namba 811 siku kadhaa kabla ya kuchimba karibu na nyumba. Huduma hiyo ni ya bure, na Ontario ina huduma yake iitwayo Ontario One Call. Ukisikia harufu ya gesi, usizime wala usiwashe kitu chochote, ondoka, na upige simu ya dharura ukiwa mbali. Ukipata mifupa inayofanana na ya binadamu, au risasi kubwa na ganda la kombora, jambo ambalo Ulaya si la ajabu, usikiguse: weka alama na uwaite polisi.

Dalili: namba zinarukaruka, au sarafu inasomeka kama chuma

Wahamiaji waliozoea kifaa Minnesota kisha wakakitumia Ontario hudhani kimeharibika. Hakijaharibika, sarafu ndizo tofauti. Sarafu ndogo za Kanada zimetengenezwa kwa feleji iliyopakwa metali nyingine tangu mwaka 2000, na za dola 1 na dola 2 zilifuata mwaka 2012, kwa hiyo kifaa huzisoma kwa kuyumba au huzitupa pamoja na misumari. Upande wa Marekani, senti 10 na senti 25 zilizotolewa kwa matumizi ya kawaida kabla ya 1965 zina fedha kwa asilimia 90 na husomeka juu kwa uthabiti, lakini senti 1 za zinki zilizoanza mwaka 1982 huliwa na udongo wenye chumvi na namba yake hushuka.

Mabadiliko ya ardhi ni sababu ya pili. Upande wa jua udongo umelowa, kivulini umeganda, na kifaa kilichosawazishwa upande mmoja hakiuelewi mwingine. Sawazisha upya kila unapovuka mpaka huo. Jambo la mwisho ni kuipitia ishara kwa pande mbili zilizo msalaba: kitu cha duara huonyesha namba zinazokaribiana, msumari uliolala hubadilika sana.

Skrini, fimbo na pinipointa

Skrini inayochelewa au kufifia katika nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri imepoa tu, kwa kuwa kioevu chake huwa kizito. Fuata sauti, na itarudi ndani ya nyumba. Kufuli la fimbo likikwama, lipashe kwa kiganja badala ya kulilazimisha kwa koleo, na usikaze kupita kiasi skrubu ya plastiki inayoshika koili, maana masikio ya koili huvunjika kwa urahisi kwenye baridi. Pinipointa inayolia mfululizo izimwe, iinuliwe hewani mbali na metali zote, kisha iwashwe tena.

Barafu ya ziwani, na mwili wa mtafutaji

Fukwe za kuogelea zina pete nyingi, na ziwa lililoganda huonekana kama njia ya mkato ya kuzifikia. Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri angalau inchi 4, yaani sentimita 10, za barafu mpya iliyo angavu kwa mtu anayetembea, na mara mbili ya hapo kwa barafu nyeupe, huku ikisisitiza kwamba hakuna barafu iliyo salama kabisa. Kwa maoni yangu pete haistahili kipimo hicho. Baki kwenye mchanga.

Kidole kilichogeuka cheupe na kupoteza hisia kimeanza kuganda: acha kazi, ingia ndani, usikisugue, na ukitie kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39 ikiwa hakitarudi kwenye baridi. Malengelenge, ngozi nyeusi au hisia zisizorudi ni kazi ya daktari. Mtu anayetetemeka kupita kiasi, au aliyeacha kutetemeka na kuanza kuongea kwa shida, anahitaji gari la wagonjwa mara moja.

Kabla ya kuingia uwanjani

Wapo wanaoripoti kuwa walifukuzwa au kunyang'anywa kifaa, na hiyo nayo ni hitilafu yenye chanzo. Hifadhi za taifa za Marekani haziruhusu kigunduzi hata kidogo, na sheria ya mwaka 1979 inalinda vitu vya kale vya zaidi ya miaka 100 katika ardhi ya serikali ya shirikisho. Bustani za miji na majimbo zina kanuni zao, uliza kwanza. Uswidi hudai kibali cha mamlaka ya mkoa, Norwei huhesabu sarafu za kabla ya 1650 kuwa mali ya taifa, na Uingereza ina sheria ya mwaka 1996 inayotaka hazina iripotiwe ndani ya siku 14. Kwenye ardhi ya mtu binafsi, ruhusa iliyoandikwa huokoa maneno mengi.

Dalili: kilifanya kazi uwanjani, kimekataa nyumbani

Kifaa baridi kikiingizwa kwenye chumba chenye joto, unyevu wa hewa hugeuka matone juu yake na ndani yake. Sehemu ya vidhibiti isiyozuia maji ndiyo huumia zaidi, hata kama koili yake inaweza kuzamishwa. Kinga yake ni kukitia kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa ukiwa bado nje, na kuuacha umefungwa hadi kifaa kipate joto la chumba. Matone yatajikusanya juu ya mfuko.

Kama umechelewa na skrini imeota ukungu kwa ndani, zima kifaa, toa betri, fungua vifuniko vinavyofunguliwa kwa mkono, na ukiache mahali pakavu kwa siku mbili au zaidi. Kisiwekwe juu ya hita wala kupulizwa kwa kikaushia nywele, kwa kuwa joto kali hulegeza gundi na mipira ya kuzuia maji. Kagua plagi za hedifoni na za chaja kwa chumvi. Ukungu ukibaki, au kifaa kikiwaka na kuzima chenyewe, kipeleke kwa aliyekuuzia au kwa fundi wa mtengenezaji kikiwa bila betri, na umweleze kwamba kililowa. Vifaa vinavyozuia maji hufungwa kwa mipira inayohitaji kupimwa upya baada ya kufunguliwa, na skrubu zilizoguswa nyumbani kwa kawaida huiondoa dhamana.